Kabati la Aji Saroj

Benchi ni langu, kivuli ni changu, hata maji ya kuchanganyia kava, kinywaji chetu cha mizizi, wanachota bombani kwangu, lakini wakishakaa pale wananiita Duka, kama vile mama yangu hakunipa jina. Asubuhi ile walikuwa watatu. Redio, ambaye tukimwita hivyo ni kwa sababu hana pa kumzimia. Meja, aliyerudi kutoka kulinda amani Sinai na cheo cha koplo, hapa Labasa, Fiji, sisi wenyewe tukampandisha. Na mzee Jagdish, aliyekata miwa maisha yake yote, sasa mtoto wa jicho amemziba macho mawili hadi kikombe anawekewa mkononi. Madaktari wa macho kutoka ng'ambo walikuwa wamefika hospitali. Huja mara moja kwa mwaka, na Ijumaa hii wanapanda ndege. Jagdish alishapewa siku yake ya kupasuliwa. Siku gani? Kikaratasi alimkabidhi Aji Saroj, bibi wa mtaa mzima, akarudi nyumbani akalala usingizi wake.

JAGDISH: Duka, Aji hajaniita?

MIMI: Aji yuko Suva, mzee wangu. Aliteleza uani akavunjika nyonga, binti yake akamchukua. Si ulikuwepo akipakiwa kwenye gari?

JAGDISH: Nilikuwepo. Nauliza kama hajaniita.

MEJA: Kunywa kava yako, mzee. Kikaratasi chako kimo kabatini. Kikishaingia mle, wewe huna shughuli tena.

REDIO: Huna kabisa! Kabati lile si mchezo, jamani. Jalada moja kwa kila tarehe, mwezi mzima, na nyuma yake majalada ya miezi. Unampa Aji jambo lako, analiweka kwenye siku yake. Asubuhi, hata chai hajanywa, anavuta jalada la leo. Ukiwemo, utasikia fimbo yake mlangoni. Akimaliza, jalada tupu linaenda nyuma, linangoja mwezi ujao.

Hapo Redio hakuongeza chumvi, na si kawaida yake. Aji alifanya kazi posta hadi akastaafu, na kazi ile aliihamishia nyumbani. Leseni ya duka langu, sindano za mbwa wa Meja, arobaini ya marehemu fulani, posa ya binti wa fulani, vyote vimo mle. Mtaa mzima hatukumbuki kitu. Kalenda nagawa bure kila mwaka mpya, watu wanafungia samaki.

MEJA: Jeshini tulikuwa na kitu kama hicho. Kikosi kizima kilikula, kikaoga, kikabadilishana lindo kwa makaratasi. Kanali alikuwa analala tu.

REDIO: Hilo la jeshi ni la kitoto. Hili la Aji linajua mambo. Mwaka ule wa kimbunga, nani alipita kutuambia tujaze matangi? Redio yenyewe haijatangaza!

MIMI: Redio, kila mwaka msimu ukianza anatuambia tujaze matangi.

REDIO: Na kila mwaka anapatia! Huoni ajabu hiyo?

JAGDISH: Mimi aliniambia ng'ombe wangu atazaa Jumapili. Akazaa Jumapili.

REDIO: Haya! Ng'ombe naye alipeleka kikaratasi?

Tukacheka, lakini kicheko kiliisha upesi. Meja alikunywa, akapiga makofi yake polepole kama ilivyo desturi ya kava, akasogea karibu kama anayetoa siri ya vita.

MEJA: Niwaambie kitu. Ufunguo wa nyumba ninao mimi. Binti alinikabidhi. Kila asubuhi naingia, nafuta vumbi juu ya lile kabati, nasimama wima, napiga saluti, natoka.

REDIO: Huligusi?

MEJA: Niguse nini? Nafuta juu tu. Unasimama pale unasikia kabisa kuwa ndani kuna kazi inaendelea.

REDIO: Usilifungue, ndugu yangu! Mle kuna jalada la kila mtu. Siku tutakayokufa tumeandikwa. Ndiyo maana Aji alipopita kwa marehemu Bechu na ndizi mbivu, kesho yake...

MIMI: Koma, bwana! Asubuhi yote hii?

Lakini hata mimi sikujizuia. Sote tukageuka kutazama dirisha la Aji ng'ambo ya barabara, pazia limeshuka, tukainamisha vichwa kama watu wanaopita mbele ya hekalu. Mwanamke mmoja, peke yake, na makaratasi, amebeba vichwa vya mtaa mzima. Jamani, Mungu ana waja wake.

JAGDISH: Kwa hiyo siku yangu ikifika...

MEJA: Ikifika itafika tu, mzee. Kabati halijawahi kumwangusha mtu.

Wakati huo Litia, mwalimu mgeni aliyepanga chumba cha nyuma kwangu, alikuwa amesimama kaunta akingoja mkate. Mtoto wa mji wa Savusavu, ana adabu, hapendi kuingilia wakubwa. Akaomba radhi kwanza.

LITIA: Samahani, wazee wangu. Nimesikia, limenivutia sana. Aji alikuwa anavuta jalada la leo kila asubuhi, sivyo?

MEJA: Kila asubuhi, mwanangu. Hajakosa hata siku moja.

LITIA: Na tangu aondoke, anayelivuta ni nani?

Redio alifungua mdomo. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza nauona mdomo ule wazi na hautoi kitu. Akamtazama Meja. Meja akanitazama mimi. Mimi nikaushika mkate wa Litia, nikawa naufunga na kuufungua.

Jagdish akainamisha kikombe taratibu mpaka kikagusa benchi, akainuka, akanyoosha mkono mbele yake hewani, akitafuta bega la mtu.

— Meja, akasema, nivushe barabara. Leo ni siku gani?