Bibi Sema Ametoka Dirishani

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi, nusu yake akiwa nyuma ya dirisha moja, muuguzi wetu msimamizi wa dawa alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye barua za ofisi na sina haja ya kulirudia hapa, maana nikiliandika nusu ya wasomaji wataulizana ni nani huyo. Wagonjwa wetu walimwita Dada Sema alipofika, wakamwita Mama Sema nywele zilipoanza kuchanganya mvi, na alipovaa miwani akapandishwa kuwa Bibi Sema. Mwenyewe husema hicho ndicho cheo pekee alichokipata bila kupitia kwa wakubwa.

Nimeombwa niandike mimi kwa sababu tumekaa chumba kimoja miaka mingi, mimi kwenye meza ya mapokezi na yeye dirishani. Wenzangu wanasema pia kwamba nina maneno mengi. Wamesahau niliyajifunza kwa nani.

Alianza kazi wodi ya wazazi, akapita chumba cha dharura, kisha akatumwa kwetu kwa wiki mbili tu, amshikie nafasi mwenzake aliyekuwa likizo. Mwenzake alirudi, lakini Bibi Sema hakuondoka. Chumba cha dharura kilimdai mpaka kikachoka.

Kwa waliojiunga nasi juzi, kliniki yetu inawahudumia watu wanaoacha heroini. Kila asubuhi mgonjwa hufika dirishani, hunywa dozi yake ya methadoni mbele ya muuguzi, hunywa maji, kisha huzungumza. Methadoni humwondolea arosto, yale maumivu ya kukosa heroini, apate kwenda kazini na kulala kwake kama watu wengine. Kuzungumza ni kwa ajili ya kuhakikisha dawa imemezwa, kwa kuwa mwenye dawa mdomoni hasemi vizuri. Wauguzi wengine waliridhika na neno moja. Yeye alisema "Haya, sema," kisha akauliza swali, tena swali lisilojibika kwa ndiyo wala hapana. Umeota nini? Jirani yako mgomvi anaendeleaje? Viatu hivyo umevipata wapi? Hakurudia swali, kwa sababu watu hukariri majibu.

Siku moja aliuliza nani alistahili kushinda mechi ya jana. Foleni nzima ikaingia kwenye ubishi, mlinzi akaitwa, na tangu hapo mpira ni marufuku dirishani. Mgeni mmoja mkubwa kutoka wizarani aliomba maji ya kunywa, akapewa kikombe, na kabla hajageuka akaulizwa amelala vipi. Alijibu kwa kirefu, maskini, mpaka tukajua habari zote za mgongo wake. Mume wa Bibi Sema analalamika kwamba hata dawa ya kikohozi nyumbani kwao hainyweki bila mazungumzo.

Lakini tuuache utani. Asubuhi moja alifika fundi uashi, akasalimia, na ulimi wake ulikuwa mzito kidogo. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Alikuwa amemeza vidonge vya usingizi, na methadoni juu ya vidonge vile ingeweza kumsimamishia pumzi. Bibi Sema alirudisha dozi kabatini, akamwita daktari, akamkalisha fundi kwenye kiti na kuendelea kumsemesha kutoka dirishani huku akihudumia wengine. Fundi huyo ndiye aliyejenga choo chetu kipya.

Kisha likaja agizo kwamba tuongeze wagonjwa mara mbili. Lilikuwa agizo la haki, maana huko nje wenye shida walikuwa wengi. Bibi Sema alilipinga waziwazi kikaoni. Alisema sauti anazoweza kuzishika kichwani zimefika mwisho, na kwamba hatampa mtu dawa kali namna ile akiwa hamjui. Daktari mkuu, ambaye naye alikuwa na wakubwa wa kuwajibu, akaamua tujaribu njia ya mkato: mtu anywe, aseme asante, apishe mwingine. Foleni ilikimbia ajabu, na sisi tukaanza kunywa chai mapema. Haukupita muda wajanja wakajifunza kusema asante dawa ikiwa chini ya ulimi, wakaenda kuitema kwenye chupa na kuiuza. Mtu mmoja ambaye hakuwa mgonjwa wetu akaokotwa nyuma ya ukuta, hajitambui. Alipona, tunashukuru mpaka leo, lakini njia ya mkato iliishia hapo. Maswali yakarudi dirishani, na mlango wa kupokea wapya ukafungwa.

Sote tuliridhika. Ndani huduma ilikuwa safi na wakaguzi walitusifu. Asiyeridhika alikuwa mama mmoja mshonaji, aliyekaa kila asubuhi kwenye benchi la nje, mkabala na dirisha, akipinda nguo kwa mkono. Kitindamimba wake, fundi rangi, alikuwa ametekwa na heroini na alitaka kuacha. Mama alikuja kuulizia kama nafasi imepatikana, nasi tulimjibu kwa heshima zote kwamba bado. Siku moja Bibi Sema alitoka kupunga hewa, akamuuliza kwa mazoea yake ameamkaje. Mama hakuinua macho kwenye sindano. "Huduma yenu nzuri naiona, dada yangu," alimwambia. "Naiona kwa macho yangu kila siku. Mwanangu yeye ataionja lini?"

Bibi Sema alirudi dirishani, na siku hiyo aliwauliza watu wote swali moja lilelile.

Kesho yake mama hakuja. Kesho kutwa vilevile. Benchi lilikaa tupu wiki nzima, na kila mlango ulipolia Bibi Sema alichungulia. Sitaficha, tuliwaza mabaya. Mama aliporudi alitueleza kwamba mwanawe alizidisha heroini, akalazwa, na kwamba bado yu hai. Kisha akatoa sindano yake, akakaa.

Jioni ile Bibi Sema alimfuata daktari mkuu ofisini. Hakwenda kuomba radhi kwa kupinga agizo, hiyo si tabia yake; alikwenda na njia. Badala ya dirisha moja kubwa lenye haraka, tufungue madirisha madogo katika zahanati za mitaani, karibu na watu wanakofanyia kazi. Kila dirisha liwe na muuguzi wake, naye kwanza akae ubavuni pa Bibi Sema mpaka awajue watu kwa sauti akiwa amewapa mgongo. Waliotulia kwa muda mrefu wapewe baadhi ya dozi za kunywea nyumbani, kwenye kisanduku chenye kufuli, wasipoteze nusu siku kwenye foleni. Na dirisha likijaa, lifunguliwe jingine; asiharakishwe mtu. Daktari mkuu alilipigania jambo hilo mpaka wakubwa wake wakawa wakiona simu yake wanashusha pumzi.

Wauguzi vijana waliopita mikononi mwa Bibi Sema wanajua tabu yake. Aliwageuza wakatazama ukuta, akawataka wamtaje anayezungumza na waseme kama leo ana shida. Mmoja alimtambua mgonjwa kwa kukohoa, akidhani atasifiwa. Bibi Sema alikataa, akasema kikohozi kila mtu anacho, arudie. Leo muuguzi huyo ni msimamizi wa dirisha lake mwenyewe, na nasikia anawatesa wenzake vilevile.

Dirisha la pili lilifunguliwa katika zahanati iliyo nyuma ya soko, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mifagio. Bibi Sema alikwenda kulianzisha mwenyewe kwa wiki za mwanzo, nami nikabeba meza yangu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa fundi rangi, kitindamimba wa mama mshonaji, anatetemeka, rangi ya kazi za zamani bado iko kwenye kucha. Alikunywa dozi, akanywa maji, akasimama. Bibi Sema akamuuliza, "Haya, sema. Nje umemwacha nani?" Aligeuka akatazama mlangoni, na hakuna aliyemhimiza. Mwishowe akasema, "Mama." Nje, mama alikunja nguo aliyokuwa akiishona, akajifunika nayo uso.

Leo tuna madirisha saba, na tunaowahudumia ni mara tano ya wale wa mwanzo. Wanaobaki kwenye matibabu hawakupungua tulivyoongezeka, na hakuna mwingine aliyeokotwa nyuma ya ukuta. Fundi rangi ametulia. Amepaka rangi madirisha yote saba, na sasa ameajiriwa kuwapokea wagonjwa wapya na kuwazoesha wauguzi wageni kuuliza maswali. Bibi Sema anasema maswali yake bado ni ya kitoto, lakini tunamfahamu, hiyo ni sifa.

Asubuhi yake ya mwisho alihudumia foleni yote, akavua koti, akafunga kabati la dawa na kukabidhi funguo. Tulidhani anaelekea ukumbini kwenye keki. Fundi rangi, aliyekuwa amesimama upande wa ndani wa dirisha, akamwomba azunguke upande wa pili, mahali ambapo miaka yote hiyo hakuwahi kusimama. Akampitishia kikombe cha maji. Bibi Sema alicheka, akanywa, akataka kuondoka.

"Haya, Bibi, sema," fundi rangi akamwambia. "Nje umemwacha nani?"

Aliyetusemesha sote akaweka kikombe chini. Alishika ukingo wa dirisha. Hakuna aliyemharakisha, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyotuzoesha. Nje, kwenye benchi lilelile alilokataa liondolewe tulipopanua jengo, mama mshonaji alikuwa amekaa na sindano yake tangu mapema, akimngoja amsindikize nyumbani. Bibi Sema aligeuka, akamtazama. Kisha akamjibu fundi rangi huku machozi yakimtoka.

"Mama yako."

Bibi Sema, kwa niaba ya madirisha yote saba, na ya wote waliopona kwa kuulizwa walivyolala, tunakushukuru sana. Pumzika, amka kwa kuchelewa, na mumeo asikohoe mara kwa mara. Maisha yako ya nje ya dirisha yawe mema na marefu. Ukiwa mtaani ukashikwa na kiu, pita kwetu, maji yapo. Ila ukishakunywa, hutoki hivihivi.