Bwana Kimya, Fundi wa Makochi, Aliyekuwa Nyuma ya Kibanda cha Pampu

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemzika leo alikwisha kufa zamani, nasi tukaendelea kumsema kama mtu aliye hai. Kwa hiyo inatupasa kuyasimulia maisha yake kwa uangalifu kuliko ilivyo desturi, maana mengi yaliyosemwa juu yake hayakuwa kweli, na mwenyewe hakuwa na namna ya kujibu. Mjane wake ameusoma wasifu huu kabla haujachapishwa. Amelirudisha neno moja lililokuwa limeondolewa kwa staha, na ameagiza lisomwe kwa sauti.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho, upande unaotazama karakana ya mabehewa. Alikuwa mtoto wa pili, na wa kiume pekee. Baba yake alikuwa fundi wa viti vya mabehewa, na mama yake alishona mapazia. Husimuliwa nyumbani kwamba alijifunza kusimama dede kwa kushikilia kiti cha daraja la kwanza kilicholetwa chumbani kutengenezwa, na kwamba alikikojolea kabla abiria yeyote wa daraja hilo hajakikalia upya. Baba yake alikikausha juani, akakirudisha kazini, wala hakumwambia mtu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya njia ya reli, kisha sekondari hadi kidato cha pili, baba yake alipofariki. Hakuwa mwanafunzi wa kusifika. Alipokuwa darasa la saba aliona kiti cha mwalimu mkuu kimelegea upande mmoja. Akaingia ofisini bila ruhusa wakati wa mapumziko, akakigeuza miguu juu na kukikaza mikanda ya chini. Mwalimu mkuu alimkuta amepiga magoti, akamchapa viboko kwa kuingia ofisini, kisha akakikalia. Kiti kile hakikutoka tena katika ofisi ile. Mwalimu alipostaafu alikwenda nacho kwake.

Ufundi aliurithi kwa baba yake na kuukamilisha katika karakana ya makochi iliyo nyuma ya soko kuu, chini ya bwana ambaye sote tunamwita Mzee wa Karakana, na ambaye yuko nasi hapa. Huko ndiko alikopewa jina la Bwana Kimya, na jina hilo lilikuwa mzaha. Fundi wa makochi huweka misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku mkono mmoja umevuta kitambaa na wa pili umeshika nyundo. Wateja walimsalimu, naye akaitikia kwa kichwa tu. Wakasema huyu fundi ni mzuri ila anajivuna. Saa ya chakula alipoitema misumari, hakuna aliyepata nafasi ya kusema naye. Alieleza habari za mpira, za majirani, za mteja aliyetaka kochi lisilochakaa wala kulipiwa. Mzee wa Karakana alizoea kumwambia, "Fundi, rudisha misumari mdomoni, tupumzike."

Misumari ile ilimchonga kwa miaka. Katika ncha ya jino lake la mbele palikuwa na kijipengo chembamba, kama mlango wa sisimizi. Mkewe alimwonya mara nyingi: "Unatafuna chuma wewe. Siku moja utatema nyundo." Tunalitaja jino hili kwa sababu ndilo lililomrudisha kwetu.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 6 Juni 1998. Mkewe wakati huo alikuwa muuzaji katika duka la vitambaa, na marehemu alikuwa akifika pale kila siku kununua mita moja. Siku moja muuzaji huyo akamuuliza, "Kochi gani hilo, kila siku mita moja?" Akajibu, "Kochi langu lina haya, linavaa kidogo kidogo." Muuzaji akakunja kitambaa, akamwambia, "Basi mwenye kochi aje na wazazi wake." Alikwenda na mama yake juma lilelile. Mwaka 2003 Mwenyezi Mungu aliwajalia binti, mtoto wao wa pekee.

Sasa tufike kwenye maradhi, na hapa ndipo lilipo neno ambalo mjane amelirudisha. Marehemu alikuwa na kifafa. Kilimwanza mwaka 2001, akiwa amehamia duka moja kubwa la samani. Alianguka mbele ya wateja, kati ya meza za kioo. Mmoja alimmwagia maji. Mwingine alisema kwa sauti kwamba asiguswe, povu lile huambukiza. Jambo hilo si kweli, lakini ndilo alilolisikia alipozinduka, jino la nyuma limemeguka kidogo na suruali imelowa. Mwenye duka alimwambia kwa upole, "Fundi, kazi yako siilaumu. Ila wateja wanaogopa." Akarudi kwa Mzee wa Karakana, na sababu ya kurudi hakuisema.

Matabibu wa zamani za kale waliuita ugonjwa huu maradhi matakatifu, na tangu wakati wao walikuwapo wenye hekima waliopinga, wakisema una chanzo mwilini kama homa au kuhara, na kwamba aibu yake ni ya watu wanaotazama. Elimu hiyo ina umri mkubwa kuliko miji yetu yote, na haikumfikia mtu mmoja aliyekuwa akiihitaji. Kliniki ya kifafa katika hospitali aliyokuwa akitibiwa hukutana siku moja katika juma, na foleni yake hukaa barazani, mbele ya macho ya kila apitaye. Alikwenda kwa muda, akaacha. Alimwapisha mkewe asimwambie mtu yeyote: si mama mkwe, si wifi, si jirani. Naye akaapa, kama mke anayempenda mumewe.

Maradhi yenyewe yalikuwa na hisani moja: yalibisha hodi. Kabla ya kuanguka alisikia harufu ya gundi inayoungua, hata mahali pasipo na gundi. Akiisikia alikuwa na dakika chache. Nyumbani aliingia stoo na kuufunga mlango, na mkewe akasimama nje akimwimbisha mtoto ili asisikie. Kazini alikwenda nyuma ya marobota ya sponji. Hivyo alijificha kwa miaka kumi na miwili, na alijificha vizuri. Wenzake aliofanya nao kazi bega kwa bega wanaapa kwamba hawakumwona akianguka hata mara moja.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2013, alasiri, alitoka karakana na kipande cha kitambaa ili amwonyeshe mteja aliyekaa upande wa pili wa bustani ya jiji. Mzee wa Karakana akamuuliza, "Unarudi?" Alikuwa bado na misumari mdomoni. Akanyanyua mkono. Kitambaa hakikufika kwa mteja, na yeye hakurudi.

Mkewe alikwenda polisi. Afisa akamuuliza, "Mama, mumeo ana ugonjwa wowote?" Akajibu, "Hana." Alikuwa ameapa, na aliamini mumewe atarudi na kumkuta ameivunja siri yake. Kwa hiyo polisi walimtafuta mwanamume mzima aliyeondoka kwa miguu yake, na mwanamume wa namna hiyo hatafutwi kwa bidii. Picha yake ilibandikwa sokoni, stendi, na kwenye lango la bustani ya jiji. Mvua iliila kidogo kidogo mpaka ukabaki mkanda wa gundi tu.

Baadaye yakaja maneno. Dada yake marehemu, ambaye ameruhusu haya yasomwe, alimwambia mjane mbele ya watu, "Wifi, mwanamume hamezwi na ardhi. Kaka yangu hakupotea, alikukimbia. Jiulize ulimfanya nini." Mjane akasema, "Sawa, wifi." Akaendelea kumenya viazi. Mtu mmoja akaleta habari kwamba amemwona Bwana Kimya katika mji mwingine, amenenepa, anaendesha pikipiki, nyuma amepakia mke mpya. Habari hiyo ilizunguka ukoo mzima. Mama yake alifariki akiiamini, na siku za mwisho alikuwa akimlaani mwanawe kwa jina.

Mwezi wa Februari 2021 vibarua wa bustani walitumwa kubomoa kibanda cha pampu ambayo haikufanya kazi tena, katika pembe inayopakana na jaa la soko. Kati ya kibanda na ukuta, nyuma ya ua wa miiba, palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mmoja kulala. Hapo walikuta mabaki ya binadamu. Hayakuwa kamili, kwa kuwa mbwa na maji ya mvua vilikuwa vimetangulia. Harufu iliyopaswa kumtangaza ilikuwa imechanganyika na ya jaa, na kwa miaka mingi watu walikuwa wamepita hapo wakiziba pua bila kuuliza. Tangazo lilitolewa gazetini: mwanamume, umri kati ya miaka thelathini na hamsini, hajulikani. Gazeti hilo liliingia nyumbani kwetu kama lilivyoingia kwenu. Hakuna aliyekwenda. Wetu alikuwa hai, anaendesha pikipiki. Mabaki yakakaa chumba cha maiti, na yakapangiwa kuzikwa katika kiwanja cha wasio na wenyewe, ila siku haikuwekwa.

Mwezi wa Novemba mwaka jana binti yake, ambaye anasomea ualimu, aliokotwa chooni chuoni kwao. Alikuwa ameufunga mlango kwa ndani, na wenzake wakauvunja. Mama yake alikuwapo daktari alipomuuliza, "Kwa nini ulijifungia?" Binti akasema, "Nilisikia kitu kinaungua. Nikajua nitaanguka kama juzi. Sikutaka mtu anione." Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na miaka kumi baba yake alipotoweka, na hakuwahi kuambiwa. Daktari akamgeukia mama: "Katika ukoo wenu kuna mwenye kifafa?"

Mjane akasema, "Baba yake."

"Naye akihisi dalili hufanya nini?"

"Anajificha."

Mjane anasema kwamba alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, mbele ya mtu mwingine kwa mara ya kwanza, aliikumbuka njia ile ya kwenda kwa mteja, inayokatiza bustani. Kesho yake asubuhi, binti alipopata nafuu, mjane alikwenda bustani ya jiji. Alimkuta mtunza bustani mkuu akimwagilia maua, akamuuliza, "Baba, samahani. Mtu akiwa humu ndani, akataka asionekane na yeyote, anaingia wapi?"

Yule mzee akadhani ni mambo ya vijana wa siku hizi, akacheka. "Zamani palikuwa pale nyuma ya pampu, mama. Sasa pamebomolewa." Kisha akamtazama vizuri, akafunga bomba. "Pale tulimtoa mtu," akasema.

Katika chumba cha maiti jamaa waliulizwa kuhusu alama za mwili. Mjane alitaja jino lenye kijipengo, na jino lile lilikuwapo. Pamoja na mabaki kulikuwa na sindano ya kupinda, ile ya kushonea mito, na kifungu cha misumari midogo iliyoshikana kwa kutu, ambayo wachunguzi walidhani ni takataka za kibanda. Vipimo vya vinasaba vilivyolinganishwa na vya binti vilithibitisha. Misumari ilikuwa mfukoni mwa shati, au ilikuwa bado mdomoni alipoanguka? Daktari hakuweza kusema. Alikufa upesi, au alilala pale akisikia watu wakipita upande wa pili wa miiba? Hilo nalo halijulikani, na sisi hatutalipamba. Tunachokijua ni kwamba alikwenda pale kuficha kuanguka kwake, na kwamba dakika zile chache alizotumia kupenya miibani zingemtosha kumwita mtu.

Mjane ameuliza, katika siku hizi, kama kiapo chake ndicho kilichomuua. Wenye elimu ya dini miongoni mwetu wamemjibu kwa kadiri ya ujuzi wao, wala hawadai kwamba wamemwondolea mzigo. Mwenyezi Mungu ndiye anayejua kiapo kilitolewa kwa upendo gani. Wifi yake alikwenda kwake, wakajifungia chumbani, na waliyosemezana hayamo katika wasifu huu. Ila ndiye aliyekaa na mjane tangu siku hiyo, na ndiye anayepika.

Jeneza hili limetandikwa ndani na mafundi wa karakana yake. Walifanya kazi hiyo jana tangu asubuhi, kitambaa kimevutwa bila kunyanzi hata moja, na kwa saa zote hizo vinywa vyao vilijaa misumari. Watakaolibeba wataona ni jepesi. Wasishangae.

Marehemu ameacha mjane, dada mmoja, ami mmoja (ndiye anayewasomea wasifu huu), Mzee wa Karakana, aliyekuwa kwake badala ya baba, na binti mmoja. Binti huyo ana kifafa kama baba yake, anatumia dawa, na Januari alirudi chuoni. Yeye na mama yake wameagiza neno hili lisomwe leo ili msije mkaambiwa na mwingine. Akianguka hapa kabla hatujamaliza, mlazeni ubavu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, na mbaki naye mpaka azinduke. Mlango wa stoo nyumbani kwao umeng'olewa bawaba.

Bwana Kimya amefichika vya kutosha. Mola amlaze mahali pa wazi.