Picha ya Kaburi la Kaijage

Kijiwe cha Hamugembe, mjini Bukoba, kina benchi moja la mbao, tairi la lori lililolazwa chini, na birika la Najibu muuza kahawa, basi. Wanaokaa pale asubuhi ni wale wale. Yupo Meja, ambaye jeshi ameliona kwenye televisheni tu, ila alilinda geti la shule miaka mingi na cheo akajipa mwenyewe. Yupo Redio, ambaye hajawahi kukiri kwamba ipo habari asiyoijua. Na yupo Kamala, ambaye tangu Pasaka wanamwita Baharia. Bahari yenyewe hajaiona. Jina kalipata kwa mgongo wa babu yake, mzee Alexander Kaijage, aliyechochea makaa kwenye meli za mizigo za Waingereza wakati wa vita vya pili vya dunia.

— Wamejibu? Meja aliuliza kabla Kamala hajakaa vizuri.

— Wamejibu. Wale Wazungu wa chama cha mabaharia wamempata babu kwenye kumbukumbu zao. Meli wameipata, jina wamelipata. Watalichonga ukutani kule bandarini kwao, pamoja na wenzake.

— Nilisema mimi, Redio akasema. Wale hawasahau mtu.

— Sasa wanataka picha ya kaburi tu.

Alilisema kwa wepesi, akakimbilia kikombe. Kaijage alizikwa Muleba, katikati ya migomba ya kibanja chake, shamba la ukoo, kama walivyozikwa baba zake. Kibanja hicho Kamala alikiuza mwaka juzi. Sasa, nani Buhaya hii atanunua kibanja chenye kaburi la ukoo wa wengine? Na anayemuuza babu yake pamoja na shamba ataweka wapi uso? Kamala aliyajua yote hayo. Siku moja kabla mnunuzi hajaja kukagua, aliung'oa msalaba kwa mikono yake, akalifunika kaburi kwa matandazo ya majani ya migomba, na kesho yake akasimama juu yake akisifia rutuba. Kijiweni hapakuwa na aliyejua. Wangejua, lile benchi asingelikalia tena, na ukoo usingemwita kwenye kikao chochote.

— Kuchochea makaa ni lugha ya kuficha, Meja alisema. Vitani kila mtu alikuwa na kazi mbili. Mzee alikuwa shushushu.

— Shushushu gani anakaa chini kwenye tanuri?

— Ndiyo pa kusikilizia hapo. Mabomba yote ya meli yanapita chini. Kapteni akikohoa, Kaijage kasikia.

— Acha, wewe, Redio akamkata. Habari kamili ninayo mimi. Meli ilibeba kahawa yetu ya Bukoba. Wajerumani wakaifukuza kwa nyambizi, maana walijua askari wa Kiingereza bila kahawa atalala kwenye handaki. Kilichoshinda vita ile ni kahawa. Mzee Kaijage ndiye aliyeifikisha.

— Na meli ikazama?

— Ikazama. Akaogelea na gunia mgongoni.

— Bahari yote ile?

— Mtoto wa ziwani, bwana. Alipokuwa kijana alikuwa akiogelea hadi kisiwa cha Bumbire na kurudi kabla chai haijapoa. Muulizeni mjukuu.

Kamala alicheka, maana asipocheka wangemtazama vizuri. Ukweli ni kwamba mzee mwenyewe hakuwahi kujisifu. Alikuwa akionyesha tu makovu ya moto mikononi, anasema kule chini palikuwa na joto, basi, anarudi kwenye migomba yake. Kamala alimpenda sana mzee yule. Hilo ndilo lililomtafuna zaidi.

— Sasa sikilizeni, Meja alisema akinyanyuka kidogo. Jumamosi tunakodi gari, tunakwenda Muleba sote. Tunambeba na padri. Kaburi la shujaa halipigwi picha na mtu mmoja kama mwizi.

— Barabara mbaya, Kamala akasema.

— Ya lami ile?

— Nina maana ya kule ndani. Na mvua hizi. Subirini kwanza, waitu, kaburi linakarabatiwa.

— Umejengea?

— Marumaru, alisema Kamala, na masikio yakamwaka moto.

Bodaboda ilisimama mbele yao. Akashuka mama wa makamo, khanga kiunoni, vumbi la safari miguuni, akawaamkia mmoja mmoja kwa adabu.

— Naitwa Benadetha, natoka Muleba. Namtafuta bwana Kamala. Mume wangu ndiye aliyenunua kibanja chake.

Kamala akainamia kikombe chake. Meja ndiye aliyemwonyesha kwa kidole.

— Sijaja kwa ugomvi, waitu, mama yule alisema. Nilikuwa napalilia, nikaondoa matandazo, nikakuta saruji. Nikajua hapa amelala mtu. Tangu siku hiyo namfagilia kila Jumamosi. Sasa Jumapili parokiani tunawaombea marehemu wa nyumbani, na huyu yuko nyumbani kwangu. Naomba jina lake tu. Anaitwa nani?

Redio aliangalia barabarani. Meja, anayeweza kumpa samaki cheo cha kijeshi, aliangalia viatu vyake. Jina lile asubuhi hiyo lilikuwa limetajwa pale hadi limechoka, na sasa wote watatu walikuwa mabubu. Kamala alifungua mdomo. Akilitaja, amekiri kwamba amemuuza. Akisema hajui, amemzika mara ya pili mbele ya mashahidi. Akaufunga mdomo.

Mama Benadetha alisubiri, akawatazama usoni mmoja baada ya mwingine, kisha akaikaza khanga yake.

— Kama hamumjui, nisiwasumbue. Mimi huwa namwita tata, baba yangu. Nitaendelea kumwita hivyo.

Akapanda bodaboda, akaondoka.

Meja ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alichukua kikombe chake, akahamia kwenye tairi. Redio akamfuata, wakabanana pale wawili, na benchi lote likabaki la Kamala. Najibu alikuja na birika. Alimmiminia Meja, akammiminia Redio, akarudi kukaa.