Kogo Amwaga Majani ya Vidole

Kijiwe hiki cha Sosiot kiko nje ya kibanda cha gemu cha Nelvine, na ukitaka kuwajua watu wake, anza na hili: wote wamelishwa na chai tangu ubatizo, na wote wakikaa pale wanakunywa kahawa. Chai, wanasema, ni kazi. Alasiri hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati kama imetumwa, na Nelvine alikuwa ameigeuza runinga itazame benchi, kwa sababu gemu mpya ya Orsa ilikuwa imefika. Orsa ya tisa! Walimjua dada huyo msafiri tangu gemu ya kwanza, alipokuwa na uso wa pembe nne kama boksi la sabuni, akimtafuta ndugu yake aliyepotea. Leo alikuwa na hadi vinyweleo mkononi. Na safari hii alikuwa amepelekwa wapi? Kwenye mashamba ya chai! Aliyeshika padi ya kuchezea ni Alfayo, ambaye hakuna aliyemwita Alfayo. Aliitwa Vidole. Miaka ishirini na saba alichuma chai ya kampuni, hadi siku mashine zilipoletwa, akabaki na vidole vyake na hilo jina. Na sasa hata jina lilikuwa hatarini.

— Saa kumi na mbili nafunga, — Nelvine alitangaza kutoka ndani. — Hata kama Orsa ananing'inia kwa mwamba.

— Umesikia, Vidole? — alisema Kipruto, mtu wa kusukuma hizo hizo mashine za kuchuma, na mwenye mdomo wa kuzishinda kelele. — Usipompita Kogo kabla ya saa kumi na mbili, jina ni langu. Ulikubali mwenyewe, ukiwa na akili timamu na kikombe mkononi.

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na ndivyo walivyombatiza bibi kizee wa kwenye gemu, aliyekaa langoni mwa daraja na kikapu kitupu miguuni. Asipofungua lango, Orsa haendi popote. Vidole alikuwa ameshampelekea vikapu vinne vya majani, na vyote vinne Kogo alivimwaga kwenye matope.

— Lakini angalieni hiyo ukungu! — alisema Obiero, mzee aliyestaafu kwenye boila ya kiwanda na kujipandisha cheo mwenyewe akawa Injinia. — Angalia vile inapanda bonde! Hiyo ni ukungu ya Julai kabisa. Magoti yangu yameshaisikia.

— Na umande unamlowesha suruali! — alidakia Kipruto. — Ile ya nane alikuwa anaingia mto mpaka shingo, anatoka mkavu kama askofu.

— Na jani likikatika padi inatetemeka, — alisema Vidole, na sauti yake ikatetemeka pia. — Tk! Ni vile vile, jamani. Ni vile vile kabisa.

Alikuwa anamaliza kikapu cha tano. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, jani gumu analiruka, anasonga. Hakuwa amejisikia hivyo tangu alipokabidhi aproni yake. Akakibeba kikapu hadi langoni, Kogo akafungua mdomo.

— Ruka! — benchi zima likalia. — Ruka hiyo maneno, muda unaenda!

Vidole akabonyeza kitufe, maneno yakarukwa. Kogo akakinusa kikapu, akakiinua, akamwaga.

— Aaai!

— Omera, mimi nimejua, — alisema Obiero. — Umeshindilia sana. Majani yameshika moto ndani. Huyo mama amefanya kazi kiwandani, angalia vile ananusa.

— Wapi! — alipinga Kipruto. — Hiyo ni gemu ya siku hizi, inataka mashine. Kuna mashine imefichwa chini ya daraja, na Vidole ana kiburi, hataki kuangalia.

— Nimeangalia! Kuna bata.

— Basi Kogo ni karani wa kupima majani, — Obiero alisonga mbele, akijimiminia kahawa. — Na si karani tu. Kumbukeni yule adui wa gemu ya sita, mwenye jicho moja. Huyo ni mama yake! Bado ana uchungu.

— Yule wa jicho moja alikuwa yatima, — alisema Nelvine.

— Alisema yeye. Wewe unaamini mtu kama yule?

— Nawaambia ukweli wote, — alisema Kipruto, sasa amesimama juu ya benchi. — Waliotengeneza gemu walikuja hapa! Walijifanya watalii, wakampiga Vidole picha akichuma, wakaenda wakaweka mikono yake kwa Orsa. Sasa Kogo anaona mikono ya mtu mwingine. Angefungua lango aje?

Vidole aliitazama mikono ya Orsa kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri.

Ndipo akasema Jerusa, mama muuza sukuma wiki aliyekuwa amejikinga mvua pembeni na karai lake, na ambaye hajashika padi tangu azaliwe.

— Samahani, wazee. Huyo nyanya anataka nini?

— Majani, — alijibu Kipruto.

— Amesema?

Kipruto akamtazama Obiero. Obiero akachungulia chupa ya kahawa, akakuta imeisha, akaendelea kuchungulia. Nelvine ghafla aliona vumbi la kupangusa.

— Mama, — alisema Vidole polepole, — mtu yuko katikati ya chai, ana kikapu, na kikapu hakina kitu. Anaweza kutaka nini kingine?

— Mimi sijui. Ndiyo nauliza.

Zilibaki dakika sita. Kikapu kimoja, kwa mkono wa Vidole, kilichukua tano. Aliitazama ile chai iliyokuwa inang'aa kwa umande, machipukizi yake yakimwita, kisha akamgeuza Orsa, akamrudisha langoni mikono mitupu.

— Vidole, utapoteza jina!

— Nyamaza, Kipruto.

Kogo akafungua mdomo. Kidole gumba cha Vidole kikarukia kitufe chenyewe, kwa mazoea. Akakikamata kwa mkono wa pili. Benchi zima likainama mbele.

— Nelvine, — alinong'ona Kipruto. — Ongeza sauti.