Springi Fupi za Wepukhulu

Leo kwa basi ya kutoka Kitale, gunia ya springi imekalia mguu wangu mpaka Kimilili. Mwenye gunia, Wepukhulu, alikuwa anaelezea jirani yake wa kiti vile atashusha gari yake ya Morris. Huyo jirani ni Gichuki, dereva wa lori.

"Hizi springi ni fupi. Nikitia na shokabzoba fupi, gari italala chini kabisa."

"Chini! Na unakaa Kapsokwony, huko mlimani?" Gichuki akashika kichwa. "Ile njia ni mawe tupu. Utaacha tumbo ya gari huko, bana!"

"Mama mkwe amezeeka, goti imekataa. Jumamosi nampeleka hospitali, na gari iko juu. Hawezi panda."

"Si umshike mkono, umuinue?"

Mama mmoja akafunika uso na leso. Kwetu Wabukusu, mtu hasalimii mama mkwe kwa mkono, sembuse kumbeba.

"Wewe ulilelewa na nani?" Wepukhulu akauliza.

"Basi bibi yako amuinue!"

"Bibi anangoja kujifungua. Hawezi inua hata kuku."

"Haya, shusha!" Gichuki akapiga kiti. "Ikikwama kwa mawe huko mlimani, uko na bibi na tumbo yake, na mama mkwe ako ndani. Nani atamtoa?"

Basi ikasimama Kimilili. Wepukhulu akavuta gunia kutoka kwa mguu wangu, akairudisha, akaivuta tena.