Maji ya Shimoni na Kazi ya Mama Kamili

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi la Chama, Ndugu Meneja wa mgodi wetu, Ndugu Mhandisi Mkuu Marcel, Baba Paroko, wazee wa Nyarugusu, ndugu wageni waalikwa, ndugu wafanyakazi wenzangu: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote, kwa salamu ya Kisukuma, mwadila.

Mimi ni Jilala, msimamizi wa zamu katika shimo kubwa. Wenzangu wa chini wamenituma nimuage Ndugu Lukresia, ambaye wengi mnamwita Mama Kamili, mtakwimu wetu, anayestaafu leo. Wapo wanaouliza, mgodi wa dhahabu una kazi gani na mtakwimu? Mchimbaji anashika sururu, fundi anashika spana. Yeye ameshika nini miaka yote hii? Nitawajibu kwa jambo lililotokea mwaka juzi, 1986.

Mwaka ule shimo letu lilikuwa na pampu mbili za kutoa maji, na shimo jipya halikuwa na hata moja. Ndugu Marcel akapendekeza moja ihamishwe. Hoja yake haikuwa ya ovyo: kwa wastani, maji yaliyoingia kwa siku yalikuwa nusu tu ya yale ambayo pampu moja inaweza kutoa. Nani angekataa?

Mama Kamili alikataa. Alibeba vipimo vya maji vya miaka yote, akapanda lori la pamba hadi Shinyanga mjini, ambako mradi mmoja wa visima ulikuwa na kompyuta, akaviingiza kimoja kimoja kwenye programu ya takwimu. Programu ikamchorea mchoro: siku nyingi zimerundikana katikati kama kichuguu, na siku chache zikitambaa pembeni, mbali na wastani, kama mikia. Hakutosheka na kutazama. Aliiagiza ipime unene wa mikia hiyo, kipimo ambacho wataalamu hukiita kurtosisi. Mtawanyo wa kawaida hutoa tatu. Maji yetu yalitoa kumi na moja.

Kikaoni Mhandisi alimwuliza, "Mama Kamili, hayo si makosa ya kupima? Ukiziondoa hizo siku za ajabu, si namba inashuka?"

"Inashuka," akajibu. "Lakini nimewauliza waliopima, na maji yalifika kweli. Wastani unatueleza siku ya kawaida, Ndugu Marcel. Namba hii inatueleza kwamba siku isiyo ya kawaida si nadra kama tunavyodhani. Na watu wetu wako chini siku zote mbili."

Ndugu Marcel aliutazama ule mchoro, akasema, "Basi pampu ibaki. Shimo jipya tutaliombea nyingine." Ndugu zangu, mkubwa anayeweza kubadili uamuzi wake mbele ya watu naye anastahili makofi leo.

Mvua za Desemba zikaja. Nilikuwa chini na zamu nzima pale ukuta ulipopasuka na maji ya machimbo ya zamani yakatumwagikia. Yalifika magotini, yakafika kiunoni. Pampu ya kwanza ilinguruma bila kuyapunguza. Ya pili ilipowashwa, yaliacha kupanda. Hayakushuka, yaliacha tu kupanda, na hilo lilitutosha kuifikia ngazi. Tulitoka wote. Mwenzetu Tarsisi alitoka wa mwisho, bila kiatu kimoja, na mkewe Generoza akamkumbatia mbele ya umati bila haya yoyote.

Baadaye nilimwuliza Mama Kamili, "Ulijuaje siku ile itafika?"

Akaniambia, "Sikuijua siku, Jilala. Nilijua ipo."

Ndugu Meneja, hatukuombi zawadi kubwa kwa ajili yake. Tunaomba, mbele ya mashahidi hawa, kwamba atakayekalia kiti chake awe na ruhusa ileile ya kusema hapana kikaoni, na asikilizwe mpaka amalize.

Mama Kamili, mayu, mama yetu, nenda Ushirombo ukalime mpunga wako na upumzike. Watoto wetu wanawaita baba zao nyumbani jioni, na baba zao wanaitika. Sisi wa chini hatuna shukrani nyingine ya kukupa kuliko hiyo.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.