Mgagani wa Zizi la Mbuke

Risala ya akina mama wa bondeni, Kolandoto, kwa Bwana Shamba wa Jimbo, Julai 1950. Imesomwa na Epifania Dominiko.

Mgeni rasmi, Bwana Shamba wa Jimbo. Wazee wa baraza. Baba zetu na mama zetu:

KARIBU BUSTANINI

Shikamoo. Umeacha gari barabarani ukaja kwa miguu mpaka hapa, nasi tumefurahi. Mimea hii yenye maua meupe ni mgagani, mboga ile ile inayojiotea porini. Aliyesimama kando ya ua ni Mbuke, mke wa Ngassa, aliyeanza kuulima. Ametukataza tusimsifu. Hatukumsikiliza.

TULIKOTOKA

Mbuke alichoka kuzunguka porini kila masika akigombania majani na mbuzi. Akavuna mbegu, akazimwaga papo hapo katika zizi la zamani lenye samadi. Haukuota hata mche mmoja. Majirani tulicheka, naye akaona haya, akawa anapita njia ya nyuma kwenda kisimani. Lakini mbegu nyingine alikuwa amezitundika jikoni, akazisahau hadi msimu uliofuata. Alipozipanda hizo, zizi zima likageuka kijani. Ndipo alipojua kwamba mbegu ya mgagani hutaka kupumzika kwanza. Akajifunza pia kukata maua yakiwa machanga ili mmea uzidi kutoa majani.

Kisha likaja agizo la palizi: magugu yote kijijini yang'olewe, mashamba ya pamba yasafishike. Athanas, mwanangwa wetu anayesimamia kijiji, alifika zizini na vijana wenye majembe.

"Mbuke, haya ni magugu," alisema.

Mbuke akaketi chini katikati ya matuta.

"Mkeo ana mtoto mchanga," alimjibu. "Kamuulize anakula nini hata maziwa yanatoka, ndipo uje uning'olee."

Athanas aliinama, akayatazama majani. Halafu akawaambia vijana, "Twendeni kwa wengine. Huku nitarudi."

Hakurudi na jembe.

TULIYOYAPATA

Mwaka jana mvua ilikatika mtama ukiwa bado haujabeba, na mahindi yakakauka yamesimama. Wakati huo Mbuke alikwisha kumfundisha kila mmoja wetu, na kila nyumba ilikuwa na mtungi wa nsansa, yaani majani yaliyochemshwa na kuanikwa juani. Tuliyapika kwa karanga, na mwenye ng'ombe kwa maziwa, tukala na ugali mdogo uliokuwapo. Bondeni kwetu njaa haikuzika mtoto. Watu walitoka Kishapu kwa miguu. Tukawapa nsansa, na walipoondoka tukawafungia mbegu katika pindo za kanga. Hili tunalisema kwa kujivuna, Bwana, na hatuoni haya.

YANAYOTUTATIZA

Agizo lile halijafutwa. Mgagani bado unahesabiwa gugu, na yeyote aweza kuja na jembe.

Athanas naye ameitwa barazani kujibu kwa nini aliliacha zizi hili. Mpaka leo hajaambiwa kama atabaki na kazi yake. Miiba ya ua huu aliikata yeye, akaibeba mwenyewe kichwani.

MAOMBI

Tunaomba mgagani uhesabiwe zao kama mengine, na tupewe kipande cha ardhi chini ya lambo, tulime hata kiangazi.

Habari ya Athanas si yetu kuiomba mbele ya wazee. Tunakuonyesha tu kwamba yupo: ndiye yule anayemwagilia matuta ya mwisho, na mtoto aliyembeba ni yule aliyenyonyeshwa kwa majani haya.

Jana tulimuuliza Mbuke yeye angependa tukuombe nini. Alikuwa anakoroga chungu cha mgagani na maziwa, hakuinua hata uso. Alisema, "Mwambieni ale kwanza. Baadaye atajibu."

Chakula ki tayari, Bwana. Mungu akulinde njiani, ainyeshee nchi yetu, na azipe nyumba zenu shibe kama aliyotupa sisi.

Ni sisi,
Akina Mama wa Mgagani, Bondeni, Kolandoto.